Viti vya Mwalimu Kakakuona

Mwaka mmoja, shule ya sekondari ya wanyama ilipata wakuu watatu. Twiga alikuja akapandishwa cheo, Nyati akaja akahamishwa, Korongo akaja akastaafu. Kila mmoja alipokewa kwa ngoma na kuagwa kwa keki na risala. Kanga, kiranja mkuu, alisoma risala mpaka sauti ikamkauka. Mwalimu Kakakuona, mpole aliyefundisha hesabu pale miaka ishirini, ndiye aliyepanga viti kila sherehe.

Muhula wa mwisho naye akaomba uhamisho, akapewa. Wanafunzi wakamwandalia sherehe, wakamvisha shada la maua. Kanga akaanza risala, akashindwa, akaikunja karatasi.

"Mwalimu, ulinirudia somo la desimali mara saba bila kunifokea. Na sijawahi kukuambia asante."

Jumatatu wakamkuta darasani, shada bado shingoni.

"Mwalimu! Si tulikuaga?"

"Barua ya uhamisho nimeirudisha. Nilitaka kuondoka kwa sababu nilidhani hamnioni."

Wiki ile alipokuja mkuu wa nne, Kakakuona aliwahi ukumbini kupanga viti. Akakuta vimeshapangwa, na cha mbele kabisa kimeandikwa jina lake.