Ubeti wa Mama Ndani ya Andalio la Somo

Mwalimu wa Kiswahili hafundishi shairi ambalo kishikwambi hakijalisahihisha, na likishasahihishwa, ni marufuku kulighani vingine.

Nilijua hivyo, lakini kiburi kiliniponza. Nilipoandaa somo la ushairi la darasa la tano, niliyachoka mashairi ya mashine yasiyo na chumvi, nikaingiza kwenye andalio ubeti aliotunga mama yangu, Bi Mwanakombo. Mstari wake wa mwisho una mizani nne badala ya nane; nne za mwisho zimeachwa wazi. Hapo ndipo lilipokuwa jina la kaka yangu aliyekufa mdogo, na mama akifika hapo hunyamaza.

Kishikwambi kikaliona kosa, kikaliziba pengo kwa neno "tufurahi."

Jana mama alikuwa akipepeta mchele huku akighani. Alipofika pale akanyamaza. Binti yangu Zaituni, niliyemfundisha ubeti huo darasani, akacheka.

"Bibi nawe, uzee huo! Umesahau, ni tufurahi."

"Tufurahi nini, mke mwenzangu?"

"Ndivyo lilivyo. Ukinyamaza hapo unakatwa alama."

Mama akanitazama. Kishikwambi kilikuwa mezani, kinasikia, na mwalimu anayefundisha makosa hata nyumbani kwake hufukuzwa kazi.

"Zaituni amesema kweli, mama," nikajibu.

Akaweka ungo chini. Akaghani upya toka mwanzo, polepole, kama mtoto wa chekechea, na mwishoni akatamka tufurahi.

"Sasa je?" akamwuliza mjukuu wake.

"Hapo sawa, Bibi. Rudia tena."