Nilisahau Sufuria

Moto wa jiko la gesi ulirukaruka mara mbili, ukazimika. Nilichovya kidole kwenye maji. Vuguvugu tu.

Hesabu nilikuwa nimeipiga mwenyewe: lita kumi, kutoka nyuzi ishirini na mbili hadi arobaini. Mtungi niliupima kwenye mizani. Gesi iliyobaki ingetosha, chupuchupu, na mtaa mzima haukuwa na gesi wiki hiyo.

Ndipo nikaiona sufuria yenyewe, ile ya mama, ya chuma kizito. Nayo hula joto lake. Miaka kumi na tisa ya kufundisha fizikia nimewakata wanafunzi alama kwa kuisahau kwenye hesabu.

"Mwalimu mzima!" mume wangu alinong'ona.

Tangu daktari aturudishe nyumbani, mama hakuwa ameomba kitu kingine ila kuoga maji ya moto, mara moja tu.

Nikampelekea hivyo hivyo. Nilipommiminia kopo la kwanza mabegani, vinyweleo vilimsimama.

"Ya baridi, mama?"

"Baridi wapi!" alisema, meno yakigongana. "Utanibabua, mwanangu. Hebu ongeza ya bombani kidogo."