Mlinzi Asiye na Mnunuzi

Nguchiro walikuwa na shimo moja na chakula kimoja, mpaka walipokubaliana kila mmoja awe na shimo lake na auze wadudu anaowachimba. Korongo, mtafiti wa chuo kikuu, akaja kuyachunguza mabadiliko hayo. Alimkuta nguchiro mzee juu ya kichuguu, akiangalia kama mwewe anakuja.

"Nani anakulipa, babu?"

"Hakuna."

"Na shimo lako?"

"Nitalichimba saa ngapi, mwanangu? Nikishuka, nani atatazama juu?"

Wenzake sokoni wakacheka. "Mwache huyo, Daktari! Bado anadhani tuko pamoja."

Korongo akaandika kwamba ulinzi hauna thamani, kwa kuwa hauna mnunuzi.

Mara mzee akapiga ukelele. Kila nguchiro akakimbilia kwake na kuziba mlango. Mzee akaenda mlango hadi mlango, akigonga.

"Sogeeni kidogo tu, niingie!"

"Humu ni mwa mtu mmoja, babu."

Mwewe akamchukua.

Kesho yake Korongo alipima mavuno, akakuta yamepungua nusu. Kila nguchiro alichimba kidogo, akatazama juu, akachimba kidogo, akatazama juu, peke yake.