Hodi ya Hiza

Sheria iliweka bunduki juu ya kila mlango, impige risasi yeyote anayeingia bila kupiga hodi kwa sauti iliyosajiliwa. Hiza alirudi kutoka hospitali ameondolewa koromeo, hana sauti tena.

“Izime basi, ni mume wangu!” Mwanahawa alimwambia fundi.

“Mpaka kibali, mama. Gobore la babu yako lilingoja kidole. Hii inangoja hodi.”

Hiza akahamia barazani. Walikubaliana kwamba kibali kikifika, mkewe atamkaribisha ndani. Siku ya tisa, mvua ikimpiga, aligonga mlango kuomba chai. Mwanahawa alikuwa jikoni anasonga ugali, mawazo yake mbali.

“Karibu, pita,” akaitikia, kama alivyozoea tangu utotoni.

Kisha akasikia kitasa kikizunguka.