Mbavu za Mama Restituta

Miaka mitatu mfululizo Apolinari alinunua mbavu za nguruwe kwenye duka lenye friji za vioo, na miaka yote mitatu akashika mkia katika mashindano ya kuchoma. Safari hii alikwenda kwenye bucha la mabati la Mama Restituta, akaubonyeza ubavu kwa kidole gumba. Nyama ikabonyea, ikarudi palepale.

"Mbuzi katoliki huyu kachinjwa alfajiri," Mama Restituta alisema. "Usimzamishe kwenye viungo, baba. Chumvi inamtosha."

Akatii.

Jioni jaji mkuu alimkabidhi kombe huku bado anaufyonza mfupa, kisha akamnong'oneza, "Umenunua wapi?"

Apolinari akajifanya hasikii, akalikumbatia kombe, akainama kupepea makaa yaliyokwisha kuzimika zamani.