Miezi Sita

Karani wa benki alizipanga karatasi mbili mezani. "Akaunti hii haina makato ya mwezi, mama. Hii nyingine inakatwa elfu tatu kila mwezi, ila ukifiwa na mumeo, benki inagharamia mazishi."

Sikudhani aliweka kidole kwenye ile ya pili. "Hata kama sasa hivi anaumwa?"

"Hatuulizi ugonjwa. Ila lazima akaunti itimize miezi sita kwanza. Akifariki kabla ya hapo, hupati kitu."

Daktari alikuwa amemwambia Sikudhani kuwa mumewe hatazidi miezi miwili. Nyumbani kilichobaki cha kuuza ni kitanda anacholalia mgonjwa.

"Nifungulie hiyo," alisema, akatia saini polepole.

Jioni alimwinua mumewe, Shekue, akamwegemeza begani na kumsogezea kijiko cha uji. Shekue alifumba midomo, akageukia ukutani. Kwa siku nne alikuwa akimwomba asimlishe tena, amwache apumzike, na jana Sikudhani alikuwa amekubali.

"Kunywa, baba Hemedi," alisema taratibu, huku akimbana taya kwa vidole mpaka mdomo ukafunguka.