Vidonge vya Kufunga Tumbo

"Tumbo je, halisumbui?" nesi akauliza. Dawa ya majaribio ilishaning'inizwa, bado kufunguliwa tu.

"Langu zima kuliko lako, sista!" kaka mtu akajibu. Nesi akacheka.

Mdogo wake wa kike aliyemsindikiza naye akajichekesha. Jamani, asubuhi ileile yeye ndiye aliyempa vidonge vya kufunga tumbo! Kaka alikuwa anaharisha mpaka damu, na yeye ndiye aliyemwambia, "Nyamaza, watakutoa kwenye majaribio."

Aliogopa kaka akitolewa ataikosa dawa. Saratani ya ngozi iliyoanzia unyayoni ikapanda hadi mapafuni ilikuwa imeanza kusinyaa. Lakini daktari aliwaonya: dawa hii inaamsha kinga ya mwili, na kinga ikipitiliza inaweza kuugeukia utumbo wenyewe. Mkiona kuharisha, semeni.

Midomo ya kaka ilikuwa mikavu, imepasukapasuka. Kila akitabasamu, inachanika upya.

Nesi akashika kigurudumu cha mpira wa dripu.

"Sista, usifungue!" Binti alishasimama. "Anaharisha damu. Mimi ndiye niliyemwambia afiche."

Kaka akageuzia uso ukutani.